Chai ya Mkaguzi

Mungu amenipa umri mrefu, na katika umri huo nimekunywa maji ya namna nyingi: ya chemchemi, ya mvua, ya bomba la misheni, na kwa muda wa karibu mwaka mzima, maji yenye dizeli. Namshukuru kwa yote. Hata hayo ya mwisho namshukuru, maana yalinionyesha jambo ambalo chuo cha makatekista hakikunionyesha, kwamba mtu anaweza kutia sahihi uongo huku rozari iko mfukoni, na mkono usitetemeke.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, tulipotolewa kwenye miteremko ya Hanang, kila familia kwenye boma lake, tukapangwa tambarare kwa mistari, nyumba zikitazamana kama watoto wa shule wakati wa paredi. Kule juu mke wangu alikuwa na chemchemi nyuma ya nyumba. Alikuwa anaweka sufuria mekoni, anakwenda kuchota, anarudi kabla moto haujashika vizuri. Siku ya kuhama wanawake wengi walilia. Yeye alikaa juu ya kinu akaniuliza swali moja tu.

"Baba watoto, huko tunakokwenda, maji yako wapi?"

Nikamwambia kutakuwa na kisima. Nikamwambia serikali imeahidi, na mimi mwenyewe nitahakikisha. Akainuka, akajitwika kinu, akatangulia.

Kisima kilichimbwa kweli, sina budi kusema haki. Tulichimba wenyewe kwa kazi ya kujitolea, tukajengea mawe, na maji yakatoka baridi na matamu. Mke wangu alikuwa wa kwanza kuchota. Alionja, akatikisa kichwa kukubali, na jambo la kuhama likaisha kati yetu. Mimi nikachaguliwa katibu wa kamati ya maji. Sababu zilikuwa mbili: nilijua kuandika, na watu waliamini kwamba katekista hasemi uongo.

Kisha tukapewa trekta, na trekta likaletewa tangi lake la mafuta. Tangi hilo lilikuwa limetoka kwenye shamba la ngano la mlowezi aliyeondoka zamani. Lilikuwa na kutu kiasi kwamba ukiligusa mkono unatoka mwekundu, lakini tulipoambiwa kwamba mgeni mkubwa atakuja kulizindua, lilipakwa rangi ya kijani likawa kama limezaliwa jana. Lilitakiwa kuzikwa ardhini. Mahali pazuri palikuwa bondeni, mbali na watu, lakini mgeni angesimama mbele ya ofisi ya kijiji, na ofisi ilikuwa upande wa juu wa kisima, mwendo wa kutupa jiwe mara mbili. Kwa hiyo tangi likazikwa hapo juu, kwa siku moja, juu ya mawe ambayo hakuna aliyekuwa na muda wa kuyatoa.

Mke wangu alipita na ndoo yake akatazama lile shimo. Akasema, si kwa mtu yeyote hasa, kwamba kitu kikimwagika hapa kitateremka. Mwenyekiti wetu, mtu mwema lakini mwenye sauti, akamjibu kwamba mama asihofu, tangi ni la chuma. Wanaume tukacheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, tena si kidogo.

Mgeni alikuja, akakata utepe, akaondoka. Baada yake akaanza kuja mkaguzi.

Mkaguzi alikuwa kijana kutoka mkoa wa pwani, aliyepangiwa kwetu kikazi na aliyeuogopa ubaridi wetu kama mtu aogopavyo chatu. Alivaa suti ya Kaunda na sweta mbili chini yake. Alikuwa na adabu nyingi. Hakuna mzee aliyempita bila shikamoo. Kila mwezi alikuja na Land Rover na fomu. Fomu iliuliza kama mfuniko wa tangi umefungwa kwa kufuli. Iliuliza kama uzio upo, na kama bango la kukataza sigara linasomeka. Mwisho iliuliza kijiti kinaonyesha kiasi gani. Kijiti kilikuwa fito iliyochongwa alama. Mtunza stoo wetu alikitumbukiza kwenye tangi, akakitoa, wakasoma pamoja alama ilipolowa, ikaandikwa. Hapakuwa na swali lolote kuhusu udongo. Fomu ilitazama juu tu, kama mtu anayelinda nyumba kwa kukaa juu ya paa.

Akimaliza alikuja kwangu kunywa chai. Na hapa ndipo kosa letu lilipo, kosa la watu wa kwetu hasa, kwa hiyo nalieleza taratibu.

Ilikuwa kiangazi, trekta limeegeshwa chini ya bati, wakati mke wangu aliponiletea kikombe cha maji akaniambia ninuse. Nikanusa. Juu ya maji palikuwa na utando mwembamba wenye rangi za upinde wa mvua, mzuri kutazama. Nikamwambia labda ni ndoo. Akaosha ndoo kwa majivu, akachota tena, upinde ukarudi. Wiki hiyo hiyo wanawake walianza kuita chai ya asubuhi chai ya trekta, na jirani yetu mmoja akasema mumewe siku hizi akikohoa, yeye anasubiri aone moshi.

Wa kwanza kuchukua hatua walikuwa ng'ombe. Kulikuwa na mzee wa Kibarbaig aliyeingizwa kijijini pamoja na mifugo yake, na ng'ombe wake walikuwa wakinywa kwenye birika tulilojenga kando ya kisima. Siku moja walifika, wakainamisha vichwa, wakapuliza pua, wakageuka wote. Kesho yake vivyo hivyo. Mzee akawapeleka kwenye kijito cha mlimani. Mwenyekiti akaitisha mkutano, kwa sababu kuondoa mifugo kijijini bila ruhusa kulionekana ni dalili ya kupinga siasa. Mzee alisimama akiegemea fimbo yake.

"Ndugu mwenyekiti, mimi nimekubali kijiji," alisema. "Jina langu liko kwenye daftari. Lakini ng'ombe hawakuandikishwa, na mimi siwezi kuwalazimisha."

Watu walicheka mpaka mkutano ukashindwa kuendelea. Katika muhtasari niliandika kwamba suala la ng'ombe limezungumzwa na kupokelewa. Suala la maji sikuliandika. Nilidhani ni vyema kuwa na subira. Nimesifiwa subira maisha yangu yote, na wakati ule niliitumia kama mtu anavyotumia blanketi, kujifunika nisione.

Mkaguzi alipokuja mwezi ule nilimweleza habari za harufu. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akaniambia kwamba yeye ni wa mafuta. Maji yana idara yake, na idara hiyo ina mkaguzi wake. Tukamwandikia huyo. Jibu lilikuja kwa mdomo, kupitia kwa huyu huyu mkaguzi wa mafuta: ofisa wa maji angependa sana kufika, ila gari la idara yake halina mafuta.

Lakini mkaguzi wetu alikuwa mwema, akasema ataongeza neno katika taarifa yake mwenyewe, kwa hisani. Akaketi, akapewa chai. Akanywa vikombe viwili. Akafungua fomu, na pale chini penye nafasi ya maoni akaandika kwamba maji ya kijiji ni mazuri, ameyanywa mwenyewe.

Alikuwa hasemi uongo. Maji aliyokunywa yalikuwa ya kijito cha mlimani. Kila alipotarajiwa, mke wangu alikwenda huko kabla ya jua kuchomoza, saa nzima kwenda na zaidi ya saa kurudi na ndoo kichwani, kwa sababu kwetu mgeni hapewi maji ambayo mwenyeji anayaonea aibu. Mgeni hupewa yaliyo bora, na mwenyeji hunywa yaliyobaki. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na mimi ndiye niliyesisitiza. Mke wangu aliponiuliza kwa nini asipewe ya kisimani ili ajionee, nilikasirika. Nilimwambia nyumba ya katekista haiwezi kumtilia mtu wa serikali dizeli kwenye kikombe. Basi serikali ikawa inakuja kila mwezi kuonja maji yetu, na kila mwezi tukaihangaikia isiyaonje.

Fomu ya kamati ya maji nayo ilikuwapo. Iliuliza rangi ya maji, hali ya kamba, na hali ya mfuniko. Harufu haikuuliza. Niliandika kwamba rangi ni safi, maana utando ukiupuliza pembeni maji chini ni meupe kabisa, nikatia sahihi. Nilitia sahihi mara tatu, na kila mara nilijiambia kwamba nimejibu nilichoulizwa.

Wakati huo kijiti kilikuwa kinashuka. Kila wiki alama ililowa chini zaidi, na trekta halijatoka chini ya bati. Mkaguzi alisimama juu ya tangi, akakishika kijiti kile kwa vidole viwili, akamgeukia mtunza stoo. Huyu alikuwa mtu mzima kuliko sisi wote, mwimbaji wa sauti ya chini katika kwaya yetu, ambaye hajawahi kuchukua hata msumari wa kijiji.

"Shikamoo, mzee," mkaguzi alianza, kwani adabu haikumtoka hata pale. "Trekta limelala. Sasa haya mafuta anayanywa nani?"

Jibu la kweli lilikuwa kwamba tunayanywa sisi, na watoto wetu, na ng'ombe wamekataa. Hakuna aliyelitoa. Iliamuliwa kwamba kuna mwizi. Makufuli yakawa mawili. Uzio ukaongezwa seng'enge. Mgambo akapangwa kukaa juu ya mfuniko na rungu, akawa anakaa hapo mchana kutwa akitazama pande zote nne, huku mafuta yakitoroka chini ya matako yake. Mtunza stoo akaambiwa kwamba kijiti kikishuka tena atakwenda kujieleza wilayani.

Kijiti hakikushuka tena. Kilipanda. Na muda si mrefu mke wangu alinusa kikombe akasema harufu imepungua. Jirani naye akasema hivyo. Hata mzee wa Kibarbaig alileta ndama wawili kujaribu, nao wakanywa, ingawa kwa kusitasita. Nilifurahi mno. Dominika iliyofuata padre hakuwepo, mimi ndiye niliyeongoza ibada, na nilitoa sala ndefu ya shukrani kwa Mungu aliyetutakasia kisima kama alivyowatendea watu wake jangwani. Watu waliitikia amina kwa nguvu. Mtunza stoo, aliyekaa benchi la mbele, aliitikia kwa sauti ndogo kuliko kawaida yake, akatazama viatu. Niliona, nikadhani ameguswa na Roho.

Kumbe kila Dominika kabla ya ibada, mgambo akiwa amekwenda kubadili nguo, yeye alikuwa akichota madebe kisimani na kuyamimina ndani ya tangi, ili kijiti kilowe pale mkaguzi anapopataka. Maji ni mazito, yakakaa chini. Tundu lilikuwa chini. Kwa hiyo kilichokuwa kinavuja sasa kilikuwa maji yetu wenyewe, yakitoka kisimani kwenda kwenye tangi na kutoka kwenye tangi kurudi kisimani, yakizunguka chini ya ulinzi mkali wa serikali. Na mimi nikayatolea shukrani.

Mvua zilipoanza, mambo yote yaliinuka pamoja. Maji ya mvua yaliosha udongo wote uliokunywa mafuta miezi ile, yakaushusha kisimani, na harufu ikarudi mara mbili ya ile ya mwanzo. Siku hiyo hiyo trekta lilitolewa kulima shamba la kijiji. Lilikwenda mfuo wa kwanza, wa pili, katikati ya mfuo wa tatu likakohoa na kuzima.

Tulikuwa tumelalamikia maji kwa miezi mingi pasipo mtu kuja. Trekta lilizima Jumanne, na Alhamisi mkaguzi alikuwa kijijini na fundi. Gari la mafundi lilikuwa na mafuta. Fundi alifungua mrija, yakamwagika maji. Alipiga pampu ya tangi, yakaja maji. Mtunza stoo hakungoja aulizwe. Alivua kofia akaeleza yote mbele ya watu: madebe mangapi, Dominika zipi, na sababu. Hakujitetea isipokuwa kusema kwamba katika maisha yake yote hajawahi kwenda wilayani kujieleza na hakutaka kuanza uzeeni.

Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu. Neno aliloliandika juu kabisa lilikuwa hujuma. Mzee yule aliambiwa akachukue blanketi lake, ataondoka na gari. Nilimwombea, nikasema ni mtu mwaminifu, nikasema tangi litazamwe chini. Mkaguzi akanijibu kwa upole kwamba tangi limekaguliwa kila mwezi na taarifa zipo, na kwamba mimi mwenyewe kama katibu nimeandika maji ni safi. Alinionyesha. Sahihi yangu ilikuwa nzuri, ya mviringo, kama nilivyofundishwa.

Nikamkaribisha chai, kwa kuwa sikujua jambo jingine la kufanya.

Siku hiyo hatukuwa tumeambiwa anakuja. Mke wangu hakuwa amekwenda mlimani. Nilimwona akiinamia mtungi wa maji ya kisimani, akachota, akaweka sufuria mekoni. Niliingia jikoni nikamnong'oneza asubiri, niazime maji kwa jirani aliyekwenda kijitoni asubuhi. Hakunitazama. Alisema tu kwamba mimi nimehakikisha vya kutosha, sasa ahakikishe yeye.

Alimletea mgeni kikombe kwa mikono miwili, akipiga goti kidogo kama ipasavyo. Mkaguzi alishukuru, akanywa funda moja kubwa la mtu aliyenyeshewa. Akatulia nalo mdomoni. Macho yakamtoka. Hakutaka kutema mbele ya mwenyeji, na hakuweza kumeza. Nilimhurumia, kwa kuwa adabu zake zilikuwa zinapigana humo mdomoni na hakuna iliyokuwa inashinda. Mwishowe alitoka nje.

Aliporudi akifuta midomo, alimuuliza mke wangu ameweka nini.

"Majani na sukari, kama siku zote," mke wangu alisema. "Maji ndiyo mengine, mwanangu. Yale uliyozoea yalikuwa ya wageni. Haya ni yetu."

Kisha akauliza kuanzia lini. Mke wangu akamwambia tangu kiangazi. Akaniangalia mimi, nami kwa mara ya kwanza sikuwa na neno la subira la kumpa. Nikamwambia ni kweli, na kwamba nilitia sahihi.

Aliagiza tangi lifukuliwe siku hiyo hiyo, mvuani. Tulilichimbua wanaume wote, mzee wa stoo akiwa wa kwanza shimoni. Lilipobiduliwa, upande wa chini, pale lilipokaa juu ya jiwe, palikuwa na tundu dogo lenye ukubwa wa punje ya harage. Fundi alilisukuma kwa kidole na bati likaendelea kumeguka mpaka mkono wake ukaingia. Juu, ile rangi ya kijani bado iling'aa. Mkaguzi alichukua fomu yake yenye neno hujuma, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni, na mzee wa stoo akarudisha blanketi lake nyumbani.

Hiyo ndiyo sehemu iliyotengenezeka. Kisima hakikutengenezeka. Tulikichota mpaka kikakauka, kikajaa tena, kikanuka. Tulifanya hivyo mara nyingi. Ofisa wa maji alifika hatimaye, akashika pua, akakifunga kwa zege.

Asubuhi iliyofuata mke wangu alichukua ndoo na kata ya kichwani aelekee mlimani. Nilimpokonya. Niliahidi maji, na maji yalikuwa yamekufa kwa mkono wangu wenye mwandiko mzuri, kwa hiyo nikaenda mimi. Kwa miaka minne, mpaka kilipochimbwa kisima kingine upande wa juu, nilichota mimi, madebe mawili kwa mti begani, kwa kuwa kichwani sikuweza. Katika mila zetu kuchota maji haikuwa kazi ya mwanamume mwenye mke mzima, na wenzangu hawakuninyima maneno. Waliniita mama katekista. Mzee wa Kibarbaig, niliyekutana naye kila siku kijitoni, alisema afadhali nimekuja, ng'ombe wake walikuwa wananiulizia.

Mwaka wa pili wa kubeba, nilikuwa nateremka na madebe yangu nikakutana na Land Rover. Mkaguzi alisimamisha, akashuka, akaniamkia. Alionekana mwenye haya. Alisema wilayani bado wanadai fomu ya tangi letu kila mwezi, kwa sababu hakuna aliyeliondoa kwenye orodha, na kwamba ingempunguzia usumbufu kama ningetia sahihi tu kuwa mfuniko umefungwa. Tangi lenyewe, kama alivyojua, lilikuwa linafugiwa kuku na mwenyekiti.

Niliweka madebe chini. Niliisoma fomu yote, mstari kwa mstari, nikamrudishia bila sahihi, nikamwambia naomba radhi, mkono wangu umechoka. Hakunilazimisha. Jua lilikuwa kali, nikamchotea maji kwa kikombe cha bati nilichokuwa nacho kiunoni.

Alikipokea kwa mikono miwili. Kabla ya kunywa, alikisogeza puani, akanusa.

Nilimshukuru Mungu njiani kote.